Dakika Tatu kwa Kila Mzee

Fomu ile niliibuni mimi. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye watu wengi waliisifu kama kazi ya shirika zima, nami nikaona haya kuwasahihisha. Ilipofika siku ya kujibu, nilitamani sana ingekuwa kweli ya shirika zima.

Shirika letu lilikuwa dogo. Lilikaa katika jengo lililowahi kuwa kiwanda cha uchapaji, na sakafu ya ukumbi ilikuwa bado na madoa ya wino ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Jumanne na Alhamisi wazee sitini na wanne walikuja kula chakula cha mchana, kupimwa shinikizo la damu, kucheza karata na kusengenyana. Siku nyingine Shangazi aliwatembelea majumbani. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mfanyakazi wa kwanza wa shirika, mwaka wa kumi na tisa kazini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na hata Mkurugenzi, aliyempita umri, alimwita hivyo hivyo. Mimi nilikuwa na miezi mitano tangu nitoke chuoni na shahada yangu ya ustawi wa jamii, kwa hiyo niliitwa Digrii.

"Digrii, lete sufuria."

"Digrii, hebu muulize babu huyu kwa nini amegomea maharage. Wewe ndiye uliyesomea."

Niliwapenda wazee wale wote, lakini walioingia moyoni mwangu na kukaa ni Fundi Saa na mkewe. Fundi Saa alikuwa ametengeneza saa za mkononi kwa miaka arobaini, na bado alishika kijiko kwa ncha za vidole kana kwamba kina skrubu ndogo ndani. Mkewe alikuwa akipoteza kumbukumbu. Mzee alimwita Bi Harusi, basi sote tukamwita Bi Harusi. Alisahau mtaa anaokaa, alisahau kama ameshakula, alitia vijiko vya ukumbini ndani ya mkoba wake, na Shangazi akavitoa kila alasiri bila neno. Lakini hakumsahau mumewe.

"Kila asubuhi akifumbua macho," Fundi Saa aliniambia, "ananitazama kwanza kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha anasema, 'Ah, kumbe ni wewe.' Hapo ndipo siku yangu inapoanza."

Jumanne na Alhamisi, Bi Harusi akiwa mikononi mwetu, mzee aliegemea ukuta wa nyuma na kulala fofofo, mdomo wazi. Wenzake walimtania kwamba siku moja watamwandikisha marehemu kwa makosa. "Niacheni," alisema bila kufumbua macho. "Huu ndio usingizi wangu wa wiki."

Halafu ugonjwa ukaja. Tulipata amri ya kufunga ukumbi Jumatano, na Alhamisi tuliwapokea wazee mlangoni kwa mara ya mwisho, tukawapa mfuko wa chakula na kuwarudisha nyumbani. Fundi Saa alibaki nyuma ya wengine. Alikuwa amemshika mkewe kiganja kwa nguvu.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi nina ombi moja tu. Asije akachukuliwa."

"Achukuliwe na nani, Babu?"

"Ana mpwa wake, mtoto wa dada yake, mji wa mbali. Ni mtoto mwema, sisemi. Lakini ameshaniambia: 'Baba mdogo, ukishindwa tu, namchukua.' Na mimi najua, akikaa wiki mbili bila kuniona asubuhi, basi. Hataniona tena hata nikisimama mbele yake." Akamtazama mkewe. "Mimi siwezi kumpoteza mara mbili, mtu yuko hai."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Nilimjibu bila kufikiri, kwa moyo wangu wote. "Hatachukuliwa, Babu. Tutakupigia simu kila siku. Ukiwa na shida yoyote, tutajua."

Akanishukuru kwa kunishika bega. Siku zile kushikana kulikuwa kumeshakatazwa, na sote wawili tulisahau.

*

Wiki ya kwanza tulikuwa na simu mbili na daftari la Shangazi. Ndani ya daftari lile alikuwa ameandika mambo yasiyoandikwa kwenye faili: nani hapendi kuamshwa kabla ya saa nne, nani ana mwana mlevi, nani anasema amekula na hajala. Alipiga simu moja moja, miguu juu ya kiti, akicheka, akigomba, akiuliza habari za paka. Simu moja dakika ishirini, nyingine nusu saa.

Lakini watu wakaanza kutuletea majina. Mwenye nyumba alipiga kuhusu mpangaji wake mzee. Zahanati ikatupa orodha. Serikali ya mtaa ikatupa orodha ndefu zaidi. Wazee sitini na wanne wakawa mia mbili, kisha mia tano, na ukumbi wetu ukageuka. Meza za kulia zikawa meza za kufungia mchele na sabuni. Waliosimamishwa kazi wakaja kujitolea: walimu, msusi mmoja, wapishi wawili wa hoteli. Dereva aliyekuwa akiendesha basi la shule alitujia na basi lake, akang'oa viti vya nyuma, akapakia magunia.

"Wanafunzi wangu wapya hawa," alisema akiyapiga magunia mgongoni. "Hawatapiki, hawapigani, na hawaombi kushuka kujisaidia. Ningejua ningeacha ualimu wa barabara zamani."

Siku hizo niliamka na furaha ambayo mpaka sasa inanitia aibu. Watu walikuwa wanakufa, na mimi nilikuwa na furaha, kwa sababu kila nilichokisomea kilikuwa na kazi. Nikakaa siku mbili nikabuni fomu. Maswali manne. Habari yako: nzuri au si nzuri. Chakula: kipo au hakipo. Dawa: zipo au hazipo. Kuna mtu nyumbani: yupo au hayupo. Chini yake mstari mmoja wa maelezo. Majibu mema yalipata rangi ya kijani, ya wasiwasi njano, ya hatari nyekundu, na kila mchana basi la Dereva lilikwenda kwa wekundu. Kwa kila mzee dakika tatu. Msusi, ambaye hajawahi kufanya kazi ya ofisi, alifundishwa fomu ile kwa robo saa na siku hiyo hiyo akawapigia watu sabini.

Mkurugenzi aliishika karatasi ile kwa mikono miwili. "Digrii," alisema, "hii ndiyo itakayotuvusha."

Shangazi aliisoma akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua.

"Swali la kwanza ndilo hili? Habari yako?"

"Ndilo hilo, Shangazi."

"Na wewe umezaliwa wapi, mwanangu?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sijui ni wapi mtu akiulizwa habari akajibu mbaya. Mtu amefiwa jana, jicho halijakauka, muulize habari: nzuri. Kisha ndiyo anakwambia, nzuri, ila tumempoteza mama. Hiyo nzuri ni kufungua mlango tu. Nyumba hujaiona."

"Kuna mstari wa maelezo hapo chini."

"Mstari mmoja."

"Mtu akiwa na shida atasema, Shangazi."

"Atasema ukikaa. Mimi nikienda kwa watu naomba maji ya kunywa, hata kama nimetoka kunywa. Akiinuka nitaona anavyoinuka. Akienda nitaona anavyokwenda. Glasi ikija chafu, nimejua. Asipoinuka kabisa, nimejua zaidi."

"Kwenye simu huwezi kuomba maji."

"Ndiyo maana naongea nao mpaka wachoke kujificha."

Nilitabasamu, nikamheshimu, na sikubadilisha kitu. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu. Kwa siku nzima Shangazi alizungumza na wazee kumi na mmoja, na kila mmoja wetu alizungumza na sitini. Nilimwendea Mkurugenzi nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba labda Shangazi angefaa zaidi kusimamia ufungaji wa mifuko, maana watu wanamsikiliza. Sikudanganya. Watu walimsikiliza kweli.

Shangazi alipoambiwa alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. "Sawa," alisema. "Nimekuwa Mama Sabuni." Alilicheka neno lake mwenyewe, nasi tukacheka naye, na asubuhi iliyofuata alivaa aproni. Daftari lake alilitia ndani ya droo ya meza yangu. Sikuwahi kulifungua.

*

Ilikuwa siku ya Jumatatu, mwezi wa tatu wa kazi ile. Wazee walikuwa wamefika elfu moja na mia mbili. Wageni kutoka shirika kubwa walikuwa wanakuja kuona tunavyofanya kazi, na Mkurugenzi alitaka nimalize orodha yangu kabla hawajafika, ili niwaonyeshe ukuta tulipobandika majina ya wazee kwa rangi zetu. Fundi Saa alikuwa wa mwisho kwenye orodha.

"Habari ya asubuhi, Babu?"

"Nzuri, mwanangu. Nzuri. Ah, ni wewe leo! Siku nyingi wananipigia watoto wengine. Ila—"

Kwa nyuma nilisikia Bi Harusi anaita, na kitu cha bati kikaanguka sakafuni. Dirishani niliona gari jeupe linaingia.

"Chakula kipo, Babu?"

"Kipo. Mnaleta, Mungu awabariki."

"Na dawa, zipo?"

"Za Bi Harusi zipo," alisema.

Nikaweka tiki. Namwona yule msichana aliyeweka tiki ile kana kwamba nimesimama nyuma yake: kalamu yake ya kijani, barakoa yake aliyoishona mwenyewe, jicho lake dirishani. "Vizuri sana, Babu. Kuna wageni wameingia hapa. Tutazungumza kesho kwa kirefu, sawa?"

"Hewala, mwanangu. Kazi njema."

Kesho yake jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mwalimu mmoja, na siku ya pili kwa msusi. Wote waliandika nzuri, kipo, zipo, yupo. Wageni walifurahi. Walipiga picha ukuta, na walipoondoka waliomba fomu yetu ili wawape wenzao wa miji mitatu. Niliwatumia siku hiyo hiyo.

Zikapita siku ishirini na tatu. Fundi Saa alikuwa kijani siku zote ishirini na tatu.

Mchana mmoja Dereva alirudi kutoka kwenye mzunguko, akakaa juu ya gunia na kuanza kutuhadithia kama kawaida yake. Hata wa kijani walipelekewa mfuko wa chakula wa wiki, na mpango ulikuwa kwamba anauacha kizingitini, anagonga, anarudi hatua kumi nyuma mpaka mwenyewe aupokee.

"Lakini Fundi Saa kaniweza," alisema. "Siku hizi hatoki. Mlango unafunguka kidogo tu, unatoka mpini wa mwavuli, unaushika mfuko masikio, unauvuta, mfuko huo unaingia. Anavua samaki yule mzee! Wiki ya pili sasa. Leo nimemwambia, 'Mzee, chambo unatumia nini?'"

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi pia. Nilimwona mzee na vidole vyake vya ufundi, nikaona ni akili nyingi: anaogopa ugonjwa, amebuni namna yake. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Shangazi aliweka chini sabuni aliyokuwa ameishika.

"Amesimama au amekaa?"

"Nani?"

"Fundi Saa. Anapouvuta mfuko. Mpini unatoka juu au chini?"

Dereva akafikiri, na uso wake ukabadilika polepole. "Chini," alisema. "Chini kabisa, Shangazi. Karibu na sakafu."

Shangazi alikuwa ameshavua aproni. "Washa gari," alisema, na mimi nikamkimbilia nyuma bila kuitwa.

*

Walikaa chumba na sebule, nyumba ya mwisho kwenye kichochoro safi. Shangazi hakugonga. Alisimama kizingitini akasema kwa sauti ile ile ya miaka yote, "Fundi, mimi mgeni wako. Naomba maji ya kunywa."

Kutoka ndani ikaja sauti ya mzee: "Leo, Shangazi, utajihudumia mwenyewe."

Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, karibu na mlango. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha meza, na harufu yake ilipita kwenye barakoa yangu kama vile sikuvaa kitu. Mkononi alikuwa amejifunga utepe mrefu uliochanwa kwenye shuka, na ncha ya pili ilikuwa kiunoni mwa Bi Harusi, aliyekaa kwenye kiti chake, amechanwa nywele, nguo safi, akila kipande cha mkate.

"Ili asitoke," Fundi Saa alieleza, kama mtu anayeomba radhi kwa fujo ya nyumba. "Siwezi kumkimbiza siku hizi."

Shangazi alipiga magoti akaanza kufungua kitambaa. Mimi nilisimama tu.

"Dawa zako za sukari ziko wapi?"

"Ziliisha."

"Lini?"

Alitaja tarehe. Ilikuwa Ijumaa ile ya kabla ya Jumatatu yangu.

"Kliniki yetu wameihamishia hospitali kuu," alisema. "Hawampi mtu dawa mpaka apimwe, na hawaruhusu mtu kuingia na mwenzake. Ningemwacha na nani? Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, kama punje ya mchele. Nilitaka mtu mmoja tu, Shangazi. Akae naye saa mbili. Niende, nirudi."

"Ungesema, Babu!" Nilisikia sauti yangu imepanda. "Tulikupigia kila siku!"

Alinitazama bila lawama hata chembe. Ningependa kungekuwa na lawama.

"Nilianza kusema," alisema. "Lakini niliona mna kazi nyingi. Watoto wale wanauliza mbio mbio, unasikia kabisa nyuma yao simu nyingine zinalia. Nikasema, kuna wenye shida kuliko mimi. Halafu nikaogopa pia. Nikisema nimeshindwa, mtaandika. Mkishaandika mtampigia mpwa."

Bi Harusi akaacha kula. Alinitazama mimi, akamtazama Shangazi, kisha akamtazama mzee pale chini, na uso wake ukafunguka. "Ah, kumbe ni wewe," alisema. "Inuka basi, wageni wamekuja."

*

Hospitalini walimkata mguu chini ya goti siku ya nne. Siku hizo nne Shangazi alilala pale nyumbani na Bi Harusi, lakini hospitali ilikuwa imeshampigia ndugu wa karibu aliyeandikwa kwenye faili, na siku ya tano mpwa alifika na gari la kukodi na kibali cha kusafiri.

Nilimsihi. Nilimwambia tutaleta mtu kukaa nao, zamu za usiku na mchana, nimeshazungumza na Mkurugenzi. Alikuwa mwanamke mpole, amechoka kwa safari, na alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo za mama yake mdogo.

"Dada," alisema, "mimi kila Jumapili nilipiga simu. Nikamuuliza baba mdogo habari, akaniambia nzuri. Nyinyi mlimpigia kila siku, akawaambia nzuri. Sasa niambie tofauti ya mimi niliye mbali na nyinyi mlio hapa."

Bi Harusi aliingia garini kwa furaha, akidhani anakwenda harusini. Fundi Saa alikuwa wodini, ambako hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Nesi ndiye aliyempa habari.

Kwenye mkutano wa wafanyakazi nilisema yote: simu ya Jumatatu, neno alilolianza, tiki yangu. Mkurugenzi, kwa wema, alijaribu kunipunguzia. "Tusijilaumu kupita kiasi," alisema. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua."

"Hakuficha," alisema Shangazi kutoka mwisho wa meza. "Alipiga hodi. Tukamwambia kesho."

Hakuna aliyesema tena juu ya wahenga.

Tulibadilisha kazi yetu, na kubadilika huko hakukuwa kwa kupendeza. Shangazi alirudi kwenye simu, akafundisha wengine kwa wiki nzima. Alimkalisha msusi mbele yake, akamwambia, "Wewe ukimsuka mtu anakwambia siri zake zote. Unafanyaje?" Msusi akasema, "Sifanyi kitu, Shangazi. Mikono inasuka, mdomo unasubiri." "Basi subiri na hapa." Tulifuta swali la kwanza. Tulifuta dakika tatu. Tulianzisha kundi la watu waliopimwa, wa kwenda kukaa na mgonjwa saa mbili au tatu ili anayemuuguza atoke. Watu wanne kati ya kila kumi waliipokea huduma hiyo siku ya kwanza walipoulizwa. Wanne kati ya kumi! Wote walikuwa kijani.

Na kwa sababu simu zilikuwa ndefu, hatukuweza tena kupokea kila jina. Tulikuwa na orodha ya wanaosubiri, na najua baadhi yao walikufa wakisubiri. Hilo nalo nalibeba. Niliyaandikia mashirika yaliyochukua fomu yangu, nikaeleza kasoro yake kwa kurasa mbili. Mawili hayakujibu. La tatu liliandika: Ahsante sana, kwetu inafanya kazi vizuri, karibu wote ni kijani.

*

Barabara zilipofunguliwa, ilikuwa imepita miezi minne na siku kadhaa tangu Bi Harusi achukuliwe. Dereva alirudisha kiti kimoja kwa ajili ya Fundi Saa, akamfunga mkanda kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ukitaka kujisaidia useme, mzee. Mimi nimezoea."

"Ukiendesha hivi sitakuwa na muda wa kusema," alijibu Fundi Saa, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu hospitali.

Safari ilikuwa ya saa sita. Alikuwa amenyoa, amevaa koti la suti, magongo yamelala mapajani mwake. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi. Tulipofika katikati ya njia nikapiga moyo konde.

"Babu, nataka kuomba msamaha. Siku ile nilikukatisha maneno."

"Siku gani?"

Nilidhani ananisaidia. Lakini aligeuka kabisa kunitazama, akikumbuka kwa dhati. "Siku gani, mwanangu? Maana mlikuwa wengi."

"Jumatatu. Wageni walikuwa wamekuja."

Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa. "Siikumbuki," alisema kwa upole. "Lakini nimekusamehe hiyo nayo." Kisha akarudi kutazama barabara, na mimi nikakaa na msamaha wangu, sijui niuweke wapi.

Mpwa alitupokea vizuri. Nyumba ilikuwa na hewa, na Bi Harusi alikuwa amenenepa. Alikaa barazani kwenye kiti cha kubembea, nywele zimesukwa. Fundi Saa alipanda ngazi tatu za baraza bila kukubali kushikwa, akasimama mbele yake, akavua kofia.

Bi Harusi alimtazama kama mtu aliyekosea nyumba. Tukasubiri. Nilimwona mzee anangoja, mwili mzima unangoja, hata vidole vilivyoshika gongo. Bi Harusi aliendelea kumtazama vile vile, kwa heshima, kama anavyotazamwa mgeni ambaye hajasema alilojia. Kisha akamgeukia mpwa.

"Mpeni kiti mzee wa watu. Amekuja kwa nani?"

Mpwa alifungua mdomo. Fundi Saa akamzuia kwa kiganja.

"Mimi ni fundi, mama," alisema. "Nimesikia hapa kuna saa mbovu."

Bi Harusi alicheka, akatikisa kidole. "Aa, usiiguse kabisa! Humu ndani fundi ni mume wangu. Hapendi mtu mwingine ashike saa zake." Akasogea, akampisha karibu yake. "Wewe kaa hapa umsubiri. Yuko njiani anakuja."

"Sawa," alisema Fundi Saa. "Nitamsubiri."

Akakaa. Mpwa aliingia ndani haraka, kitambaa cha kichwa usoni. Mimi niliyapokea magongo, nikayaegemeza ukutani, na nikabaki nimesimama pale, sina kazi ya kufanya.